Mapacha wangu wako kwenye kondo moja, naambiwa nipigwe leza tumboni, naombeni ushauri

MamaTumaini: Habari zenu wadau, nipo Uingereza, mimba wiki 20, mapacha wa kufanana. Juzi kwenye skani wameniambia mmoja maji yamemjaa kupita kiasi mwenzie hana kabisa, hata kibofu chake hakionekani, eti mishipa ya kwenye kondo inamnyonya huyu damu inampelekea yule. Nina rufaa London keshokutwa wapige leza. Mama mkwe anapiga simu toka Tanga analia, tumbo la mimba haliguswi, tusubiri. Mume wangu kashindwa kuamua. Sijalala siku mbili jamani, nifanyeje?

BiMkunga: Pole sana mwanangu. Hatari iko huko kwenye kusubiri. Hawakupasui, wanapitisha kamera nyembamba ya milimita 2 au 3 hivi, wanaitafuta mishipa inayounganisha watoto wanaichoma mmoja mmoja kwa mwanga wa leza, mara nyingi kwa ganzi tu uko macho, halafu wanapunguza yale maji.

KakaJuma: Dada yangu walimtoa maji tu kwa sindano, leza hakuna. Si aanze na hilo?

BiMkunga: Maji yanarudi kaka, mishipa si bado ipo. Utafiti wa Ulaya wa 2004 ulilinganisha, waliopigwa leza asilimia 76 walikuwa na angalau mtoto mmoja hai siku ya 28 tangu kuzaliwa, waliotolewa maji 56.

MamaWawili: Mimi nilipigwa wiki ya 18. Sikudanganyi dada, yule mdogo moyo ulisimama usiku ule ule. Aliyebaki ana miaka sita, anasoma. Na amebaki kwa sababu mishipa ilishafungwa, ingekuwa wazi mwenzie anapofariki damu ya huyu aliyebaki ingekimbilia kwa mwenzie, angekufa naye au ubongo ungeumia. Waulize wanafanya wangapi kwa mwaka na chupa ikipasuka mapema watafanyaje, hiyo ndo inasumbua sana baada ya leza. Omba na mkalimani wa Kiswahili, ni bure, mama mkwe awekwe kwenye simu daktari amweleze mwenyewe, mama yangu alinyamaza pale pale akaanza kuniombea.

MamaTumaini: Hilo la mishipa kubaki wazi sikulielewa kabisa siku ile, nilikuwa nalia tu. Nimemsomea baba Tumaini, katoka nje anampigia mama yake. Asanteni sana, keshokutwa naenda.