Mwanafunzi ajichagulie kitabu cha Kiingereza? Mjadala wa walimu na wazazi, Kigoma na Tabora

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma
Ndugu zangu, naomba tuijadili kazi niliyoianza na Kidato cha Tatu muhula huu. Kila mwanafunzi alichagua kitabu kimoja cha Kiingereza katika kabati la maktaba, akakisoma kwa wiki sita huku akiandika daftarini alichokielewa na kilichomshinda, kisha akaandika kurasa mbili kuhusu jambo analolijua yeye mwenyewe. Mkuu wa taaluma anasema ninapoteza vipindi, kwa sababu mtihani wa Kidato cha Nne unadai mifano kutoka katika vitabu vilivyoorodheshwa, na alichochagua mtoto hakimo. Niendelee au niache?

Mtahini Mstaafu, Tabora
Acha, mwalimu. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako hata Baiolojia hufundishwa kwa Kiingereza, anahitaji kushikwa mkono katika kitabu kimoja kinachosomwa na darasa zima, ili neno likimshinda mmoja wote walisikie likifafanuliwa. Nimesahihisha miaka mingi na majibu ya kunakili nayajua kwa harufu. Wala usitarajie mzazi asimamie kazi hiyo nyumbani, maana wazazi wa mwambao huo wanaijua bei ya dagaa kuliko jina la kitabu anachosoma mtoto wao.

Mama wa Kibirizi
Shikamoo mzee. Bei ya dagaa naijua, na ndiyo iliyonunua daftari analolitaja mwalimu huyu, kwa kuwa binti yangu yumo darasani kwake. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, niliuza vitenge vyangu ili asikose shule. Muhula huu kila jioni amenisomea kitabu chake kwa Kiingereza, halafu akanieleza kwa Kiswahili. Kiingereza sikijui, lakini akiruka ukurasa nilimrudisha, maana hadithi ilikuwa haiungani. Kama huko si kusimamia, nifundishe wewe.

Mtahini Mstaafu, Tabora
Marahaba, mama. Nilisema kwa ujumla, sikumlenga mtu.

Kijana wa Kasulu
Kwa ujumla ndiko wazee wetu wanakojificha wakishatukana. Mama, binti aliandika nini?

Mama wa Kibirizi
Aliandika habari za mwalo wetu, na jinsi wengine tulivyoacha kuanika dagaa mchangani tukaanza kutumia vichanja, kwa sababu dagaa wenye mchanga mnunuzi huwakimbia. Kazi iliporudi, neno "mwalo" lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake limeandikwa neno la Kiingereza ambalo aliniambia maana yake ni ufukwe. Siku hiyo hakunisomea kitu.

Kijana wa Kasulu
Ufukwe! Ufukweni watu huenda kuogelea na kupiga picha. Mwaloni ndiko mitumbwi inakoshusha samaki alfajiri, ushuru unakotozwa na bei inakopangwa. Mwalimu, hapo umeua insha nzima kwa mstari mmoja.

Mtahini Mstaafu, Tabora
Hakuua kitu. Somo ni la Kiingereza, na mwanafunzi anapaswa kulitafutia kila neno lake mwenzake. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na kufundisha hapa hapa, alimtafsiri Shakespeare akiwa mwalimu wa kawaida kabisa, wala hakulalamika kwamba maneno hayalingani.

Msomaji wa Urambo
Mzee, hapo umechanganya. Tafsiri ya *Julius Caesar* ilitoka 1963, akiwa tayari Rais, na *Mabepari wa Venisi* ikafuata 1969. Tena katika jina la Kiingereza, *The Merchant of Venice*, yumo mfanyabiashara mmoja tu, naye Mwalimu akamgeuza kuwa mabepari, wengi, na hakuna aliyemkata kwa wino mwekundu. Wala sijasikia kwamba vitabu hivyo alipangiwa na mtu. Alivichagua.

Mtahini Mstaafu, Tabora
Miaka nimeikubali. Hata hivyo, Nyerere alikuwa amepita Makerere na Edinburgh, na kumlinganisha na mtoto wa Kidato cha Tatu ambaye bado anachanganya wakati uliopita na uliopo ni kumtwika mtoto mzigo usio wake.

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma
Niliuliza kuhusu vitabu, nikajibiwa kuhusu wino, na jibu nimelistahili: nililikata neno lile usiku wa manane nikiwa na rundo la madaftari mbele yangu. Kuhusu kunakili, mzee yuko sahihi kwa nusu. Wanafunzi wanane walileta kazi ileile kuhusu Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwamba Wajerumani waliizamisha 1916 na Waingereza wakaiibua 1924. Miaka yote ilikuwa sahihi, lakini hakuna hata mmoja aliyesema kama amewahi kuiona kwa macho yake. Habari za vichanja hakuna aliyezinakili, kwa kuwa hazikuwa na pa kunakiliwa. Nitamwomba mkuu wa taaluma kipindi kimoja tu kwa wiki, na vilivyobaki tutasoma vitabu vya mtihani.

Mtahini Mstaafu, Tabora
Kimoja nakubali kwa shingo upande, mradi kurasa hizo mbili ziandikwe darasani, mbele ya macho yako. Na yule mama aniwie radhi.

Mama wa Kibirizi
Yamekwisha, baba. Mwalimu, na lile neno?

Mwalimu wa Mwanga, Kigoma
Aje na daftari Jumatatu. Nitalirudisha kama alivyoliandika, naye ataongeza sentensi moja ya Kiingereza kumweleza msomaji mwalo ni nini.