Mrejesho: Binti, bibi yake na Harry Potter

Wakuu, niliwauliza kama nimwachie binti asome Harry Potter, vile vitabu vya hadithi za mvulana mchawi, maana mama mkwe kashikilia Kumbukumbu la Torati 18: uchawi ni uchawi tu, hata wa kitabuni. Asanteni, hata mlionichamba.

Nilimfungulia mama kitabu cha saba, pale kaburi la wazazi wa Harry lilipoandikwa maneno ya 1 Wakorintho 15:26, "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaguna. Hajakubali, ila kaacha kuvificha vitabu vya binti.

Ile kesi mliyonitajia ya Cedarville, Arkansas, Marekani, ambako shule ziliviondoa rafuni vitabu vya Harry Potter, nimeisoma: 2003 jaji aliamuru virudishwe kwenye rafu za maktaba za shule. Sawa, lakini kwangu jaji ni bibi. Tumeafikiana binti asome sebuleni, mchana.