Kuh: Jalidi ya kuchelewa na mimea yetu ya nchi za joto

Ndugu zangu,

Wiki iliyopita nilitoa nje migomba miwili, mpapai na mndimu wa chunguni, baada ya kuihifadhi ndani msimu wote wa baridi, na yote imekwisha kuchipua majani mapya. Utabiri wa kesho usiku unasema nyuzijoto 2, anga safi na upepo hafifu. Kwa kuwa haitafika sifuri, je, niiache ilipo? Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

—

Dada yangu,

Usiiache. Nyuzijoto 2 za utabiri ni za hewa iliyopimwa karibu na kimo cha mtu, ilhali jani lililo wazi chini ya anga isiyo na wingu huendelea kupoteza joto lake kuelekea juu usiku kucha, hata ikifika alfajiri likawa limepoa kuliko hewa hiyo kwa nyuzi kadhaa. Ndiyo maana mtu huamka akakuta bustani imepigwa na jalidi, yaani baridi inayogandisha maji juu ya mimea, au sakitu kama wengine wanavyoiita, na kipimajoto cha ukutani hakijagusa sifuri. Kinachonitia wasiwasi zaidi ya ile namba ni hayo maelezo ya anga safi na upepo hafifu. Mawingu yangerudisha sehemu ya joto chini, na upepo ungeichanganya hewa ya chini na ile ya juu, ambayo katika usiku wa namna hii huwa na joto zaidi. Isitoshe, majani yako ni machanga na yamejaa maji, kwa hiyo hayana ule ukakamavu ambao mmea huujenga pole pole baridi inapoingia.

Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda mpapai niliukumbuka saa tano usiku, nikauvika mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa kamba shinani na kwenda kulala nimeridhika kabisa. Asubuhi kila jani lililogusana na nailoni lilikuwa la kijani kilichokolea, linang'aa kana kwamba limechovywa katika maji ya moto, na kufikia adhuhuri yalikuwa meusi, yananing'inia kama matambara. Nilikuwa nimechelewa, na nailoni haikingi mahali inapogusa jani. Lakini kosa kubwa lilikuwa kuufunga mti shinani, kwa sababu joto lililokuwa likipanda kutoka udongoni lilipita nje ya mfuko likapotea. Kifuniko hakina joto lake chenyewe. Kinachopasha ni ardhi iliyoota jua mchana kutwa, na kazi ya kifuniko ni kulizuia joto hilo lisitoroke.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kama udongo ni mkavu, umwagilie, kwa maana udongo wenye maji huhifadhi joto la jua kuliko udongo mkavu uliojaa hewa. Sogeza matandazo, yaani majani makavu yanayofunika udongo, kando kidogo ili jua liufikie. Najua yanaikinga mizizi, lakini usiku huo yatalifungia chini joto ambalo majani yanalihitaji, nawe utayarudisha hatari ikipita. Kabla ya jua kuzama, chomeka vijiti vitatu au vinne vinavyouzidi mmea kimo, utandaze juu yake shuka kuukuu au blanketi jepesi linaloshuka hadi chini pande zote, kisha ubane pindo zake kwa mawe pasibaki mwanya. Ukiwa na nailoni, iweke juu ya nguo. Ndani ya kibanda hicho weka madumu ya maji ya vuguvugu, ambayo hupoa polepole na, hata yakianza kuganda, hutoa takriban kilojuli 334 kwa kila kilo inayogeuka barafu. Wapo wanaoweka balbu za zamani za waya, nazo kweli hutoa joto, ila mimi siwezi kulala usingizi nikijua kuna balbu ya moto chini ya blanketi. Asubuhi hewa ikipanda juu ya sifuri, funua mapema.

Mndimu wa chunguni urudishe ndani, kwani mizizi yake imezungukwa na baridi kila upande. Ukishindwa kuubeba, usogeze chini ya upenu, karibu na ukuta uliopigwa na jua la alasiri. Epuka bonde la bustani na nyuma ya ua uliozibwa, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na hutuama hapo kama maji.

Mashuka yasipotosha, anza na mpapai. Mgomba ukiungua majani, tunguu lililo ardhini kwa kawaida huchipua tena, lakini mpapai ukiganda shina huoza.

Haya yote ni ya usiku mtulivu. Baridi ikija na upepo mkali, kifuniko husaidia kidogo sana.

—

Kaka, nashukuru. Mpapai na mndimu ni salama, ila mgomba mmoja ulifunuka usiku, na majani yake matatu yamekuwa meusi. Niyakate leo, nami nitie mbolea ili upate nguvu?

—

Dada, usikate bado wala usitie mbolea. Majani yaliyokufa yanaukinga moyo wa mgomba iwapo usiku mwingine wa namna hiyo utakuja, na mbolea yenye naitrojeni itahimiza majani laini ambayo baridi itayamaliza kwanza. Subiri wiki mbili tatu mpaka hali ya hewa itulie, kisha ulitazame jani la katikati. Likisukuma juu likiwa la kijani, ondoa yaliyokufa tu. Likiwa limelegea na linanuka uozo, kata shina kidogo kidogo kutoka juu mpaka ufike mahali ambapo nyama ya ndani ni nyeupe na ngumu, uishie hapo, na usiujaze udongo maji wakati unangoja lichipue. Na pindo la ile shuka, safari ijayo, liwekee mawe mengi zaidi upande unaovuma upepo.