Ruta ya steshenari inajibu "dnsmasq-2.75". Nimekwisha?

mama_printa:
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Nkuhungu, Dodoma. Kompyuta sita, ruta moja ya kale juu ya kabati, vumbi jekundu mpaka taa zake hazionekani. Jana kijana wa chuo alikuja kuprinti ripoti ya fildi, akaniandikia nyuma ya risiti amri ya kuiuliza ruta toleo la programu yake: `dig chaos txt version.bind @192.168.1.1`. Ikajibu "dnsmasq-2.75", yaani toleo 2.75 la dnsmasq, programu ya ruta inayozitafutia kompyuta majina ya tovuti na kuzigawia anwani. Akaguna, akalipa, akaondoka zake! Nimesoma kwamba Oktoba 2017 watu wa Google walitangaza kasoro 7 humo, nyingine za kumbukumbu kufurika. Lakini porti 53, mlango wa maswali ya majina, upande wa nje nimeifunga. Si inatosha?

zabibu_chungu:
Haitoshi, dada. Hapo hagongi mtu mlango. Ruta yako yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuuliza majina, na sumu inarudi ndani ya jibu. Mteja akifungua ukurasa wa mhuni, tayari ruta imetumwa kwa mhuni.

Umewahi kuona lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, pale soko la nafaka Kibaigwa? Ndiyo hiyo. Programu imetenga debe moja, jibu linamiminwa debe na nusu, kinachozidi kinaangukia unga wa jirani. Jirani huyo akiwa ni maelekezo ya programu, mhuni anaandika yake. Na 2.75 ndiyo mbaya: kuanzia 2.76 kinachomwagika ni baiti 2 tu, kabla ya hapo hakuna kikomo. Dawa ya kasoro hizo 7 ni 2.78 kwenda juu. Tupa hiyo ruta.

bado_terminal:
Mkuu usimtupishe mtu ruta haraka. Kwenye Ubuntu na Debian, mifumo ya Linux ya kompyuta, wanaziba tundu bila kubadili namba ya mbele, kwa hiyo 2.75 inaweza kuwa imeshatibiwa. Dada, ni ruta kweli au kompyuta inayofanya kazi ya ruta?

mama_printa:
Ni ruta, kaka. Nimepanda kiti nikaifuta: kibandiko nyuma kinasema 2015. Kwenye tovuti ya watengenezaji hakuna programu mpya zaidi.

bado_terminal:
Basi zabibu kashinda. Wakati unatafuta nyingine, kama inakuruhusu kugusa faili la dnsmasq, weka `port=0` na `dhcp-option=6,1.1.1.1` (hiyo 1.1.1.1 ni seva ya majina ya Cloudflare). Itaendelea kugawa anwani, ila majina kompyuta zitauliza nje zenyewe. Washa upya ruta, kisha kompyuta zote.

mama_printa:
Nimeweka. Dig sasa haijibiwi kitu, na printa bado inaprinti. Mwisho wa mwezi naenda mjini kununua nyingine.