Pumba kwa kila punda kiangazi: tulazimishane?

Mbukwenyi ndugu zangu. Kijijini kwetu, upande wa Bahi, kuna hoja inakuja mkutanoni: kila mwenye punda alazimike kumpa pumba kila siku, kuanzia Juni hadi mvua zinyeshe. Atakayemlisha mabua matupu atozwe faini kwa kumtesa mnyama. Nia ni njema, lakini naipinga kwa nguvu zote.

Punda wangu kazi yake ni maji, madumu manne asubuhi, na siku nyingine hatoki kabisa. Mwaka juzi nyasi zilipokauka nilimwonea huruma, nikaanza kumpa bakuli la pumba ya mahindi asubuhi na jingine jioni. Akanawiri, majirani wakanisifu. Septemba nikamkuta zizini kanyoosha miguu ya mbele, uzito wote kauegemeza nyuma. Nikimvuta, anakanyaga kama anayepita juu ya makaa. Nikaweka kiganja kwenye kwato: la moto. Bwana mifugo akamshika shingo juu, pale penye singa, pametuna na pamekuwa pagumu. Akasema, "Haya ni mafuta. Umemlisha kama ng'ombe wa maziwa."

Punda asili yake ni nchi kame. Tumbo lake linapata nguvu kwenye mabua ambayo ng'ombe angekonda nayo. Mwenye kilo 150 anatosheka na kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, ila anataka kutafuna muda mrefu. Pumba zetu za mashineni zina wanga mwingi, na ukizidi kwato huvimba kwa ndani. Tena usishtuke ukamnyima chakula ghafla ili akonde: mafuta ya mwili hufurika kwenye damu, akafa. Unapunguza kidogo kidogo. Wangu alipona baada ya miezi, lakini shingo ile haijarudi mpaka leo.

Wa Chang'ombe, Dodoma mjini: Kaka, huyo ni punda wa kijijini. Huku anavuta mkokoteni wa mchanga tangu alfajiri, mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Tulishangilia Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipozuia kwa miaka 15 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Tumwokoe kwenye kisu halafu afe njaa mkokotenini? Bila sheria, wenye mikokoteni hawatoi hata konzi moja.

Mama wa Kongwa: Wanangu, punda wangu ni mzee. Mabua anayatafuna kisha anayatema mabonge, meno yamekwisha. Namlowekea pumba na mashudu ya alizeti kidogo, ndiyo maana yu hai. Ila kulazimishana sikutaki. Ikifika Oktoba, pumba za bei ya chini nyingi zimeshika ukungu, na watu watanunua hizo hizo wakwepe faini. Mahindi ya ukungu yanaharibu ubongo wa punda. Anazunguka, anasukuma kichwa ukutani, siku mbili tatu hayupo.

Mfugaji wa Mvumi: Mnabishania pumba, mabua yenyewe yako wapi? Tukishavuna, mashamba yanakuwa wazi na ng'ombe wa kila mtu wanaingia. Agosti unakuta vumbi. Sheria ninayoitaka mimi ni ya kumlinda aliyekata mabua yake akayaweka kwenye uchanja.

Wa Bahi tena: Shikamoo mama. Hilo la ukungu sikuwa nalo, nitalisema mkutanoni. Kaka wa mjini, umenigusa. Wa mkokoteni si wa madumu manne, na kosa langu ni kuandika kana kwamba wote ni wamoja. Basi tupime kwa mbavu. Pitisha kiganja ubavuni: ukizihisi bila kubonyeza sana, mabua ya mtama, chumvi na maji ya kutosha vinamfaa. Zikionekana kwa macho, aongezewe chakula na mzigo upunguzwe, na hapo faini naiunga mkono. Mzee asiye na meno alowekewe, kama anavyofanya mama.

Ndugu wa Mvumi, la uchanja naliingiza. Wangu upo juu ya zizi, mizigo 30 ya mtama, na bado usiku naamka kufukuza ng'ombe wa watu. Mkutano ni Jumamosi. Kama kuna kijiji kimeshapitisha sheria ya mabua, naomba mtu aniandikie ilivyosema kabla ya siku hiyo.