Berthelsdorf ni wapi? Barua ya Rungwe ilikuwa inakwenda huko

Mjukuu_wa_Mwinjilisti (Tukuyu)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Babu yangu alikuwa mwinjilisti wa Moravian. Baada ya matanga tumefungua sanduku lake la bati na kukuta barua ya mmisionari, ya kabla ya Vita vya Kwanza. Kijerumani hatujui, na mwandiko wenyewe kama kuku kapita na wino miguuni. Tulichoweza kusoma ni "Rungwe" juu, na kwenye anwani "Berthelsdorf".

Sasa mimi tangu darasa la kipaimara nafundishwa Herrnhut, Herrnhut, Herrnhut, kule Ujerumani kanisa letu lilikotokea. Hiyo Berthelsdorf ni nini? Ni Herrnhut kwa jina la zamani? Ni mji, ni kijiji? Kuna aliyewahi kufika? Kwenye ramani ya simu naona nukta tu karibu na mpaka wa Poland.

Mwalimu_Kyimbila

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Hapo umegusa mahali. Mimi ni mwalimu mstaafu, historia na jiografia, na nilibahatika kufika huko na kwaya yetu kipindi cha Pasaka. Wenzangu walikuwa wanapiga picha Herrnhut. Mimi nikaomba nipelekwe Berthelsdorf, wenyeji wakacheka kidogo, maana wageni wengi hawakuulizi.

Berthelsdorf ndiyo kijiji chenyewe. Herrnhut ni mtoto wake.

Chukua ramani, tafuta jimbo la Sachsen, nenda kwenye kona ya chini kulia kabisa, pale Ujerumani, Poland na Ucheki zinapokutana. Eneo linaitwa Oberlausitz. Kuna barabara ya zamani kutoka Löbau kwenda Zittau. Katikati yake ndiko huko. Usitegemee milima kama ya kwetu. Kilima chao wanachokijivunia, Hutberg, kina mita 370 na ushee juu ya usawa wa bahari. Mlima wetu Rungwe unakaribia 2,960! Lakini baridi yao usiichezee. Ilikuwa Aprili na mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne alivaa soksi mikononi.

Kijiji kimelala kirefu kufuata kijito, nyumba moja baada ya nyingine na shamba la kila mtu likipanda nyuma ya nyumba yake. Kuna nyumba za kienyeji ambazo sijaziona kwingine: chini chumba cha magogo, nje yake nguzo na matao ya mbao, na hayo matao ndiyo yanayobeba ghorofa ya juu. Chumba cha magogo hakibebi mzigo wa ghorofa. Wafumaji wa kitani waliweka mashine zao humo chini. Nilizunguka nyumba moja mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza natafuta nini.

Mwaka 1722 kijiji hicho kilinunuliwa na kabaila kijana wa miaka kama 22, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Alikinunua kwa bibi yake mzaa mama. Ndiyo, zama hizo ulinunua ardhi na wakulima wake wakiwa juu yake wanakulipa kwa kazi. Hili kwenye mafundisho yetu huwa tunaliruka, tunamchora Zinzendorf kama mchungaji mwenye joho jeupe. Alikuwa mwenye shamba.

Mwaka huohuo wakaja wakimbizi kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko Ucheki, Waprotestanti waliokuwa wanabanwa na utawala wa Kikatoliki. Waliongozwa na seremala, Christian David. Wa kwanza walikuwa ukoo wa Neisser, wafua visu, walioondoka usiku na kuacha nyumba na mali. Msimamizi wa shamba hakuwapa nafasi kijijini. Akawapeleka nje, kwenye pori lenye unyevunyevu kando ya barabara ya Zittau, chini ya Hutberg. Tarehe 17 Juni 1722 Christian David akakata mti wa kwanza. Hapo ndipo palipokuja kuwa Herrnhut.

Kwa hiyo ukisimama leo unaziona jiografia mbili. Berthelsdorf imefuata maji, ni ya wakulima. Herrnhut imefuata barabara, imepimwa kwa mitaa iliyonyooka na uwanja katikati, ni ya mafundi na wafanyabiashara. Kampuni ya Dürninger ilianza pale 1747 na kuuza kitani nchi za mbali.

Binti_wa_Soweto_Mbeya

Mwalimu shikamoo. Nilisoma kwamba lile tukio la 13 Agosti 1727, la Meza ya Bwana, halikufanyika Herrnhut. Ni kweli? Kwetu kila mwaka tunatangaziwa "siku ya Herrnhut".

Mwalimu_Kyimbila

Marahaba binti. Ni kweli. Watu wa Herrnhut walikuwa wamegombana kweli kweli, kila mmoja na mafundisho yake. Siku hiyo walishuka kwenda kanisa la Berthelsdorf, ndilo lililokuwa kanisa la eneo, na mle ndani ndimo walimopatana. Kanisa bado lipo. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, mtu mwingine hakuwemo.

Miaka mitano baadaye, 1732, wakawatuma Leonhard Dober na David Nitschmann kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Sisi tulifikiwa 1891. Wamisionari Meyer, Richard, Martin na Häfner walipitia mito ya Zambezi na Shire, wakavuka Ziwa Nyasa. Martin alifariki mwaka huohuo, kabla ya kituo cha Rungwe kusimama sawasawa.

Sasa nirudi kwenye barua ya babu. Baada ya Zinzendorf kufa 1760, jumba lake la Berthelsdorf baadaye likawa ofisi kuu ya uongozi wa kanisa zima, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1913. Kwa hiyo mmisionari wa Rungwe akitaka ruhusa, fedha za mabati au mtu wa kuja kumpokea, aliandika huko, siyo Herrnhut. Maamuzi ya vituo vya Rutenganio, Ipyana, Utengule yalipita kwenye meza za kijiji chenye mifereji na kuku. Barua yenu ina anwani sahihi kabisa.

Jumba lenyewe baadaye lilichakaa vibaya. Kundi la watu wa kujitolea ndilo lililoliokoa, sasa linapendeza.

MwanaKilolo

Wamoravian mnajisikia! Sisi Walutheri wa Iringa hatuandiki barua Ujerumani, tulihamisha Ujerumani ikaja huku. Nendeni Kilolo mkaone kijiji kinaitwa Pommern, jina la pwani ya Baltiki, na hapa hakuna hata bwawa la maana. 😂

Ila mwalimu, swali la kweli: hiyo Berthelsdorf leo ni wilaya, kata, au nini?

Mwalimu_Kyimbila

Haha, Pommern naijua, na viazi vyake.

Herrnhut ilipewa hadhi ya mji 1929. Tarehe 1 Januari 2013 Berthelsdorf ikaunganishwa nayo, yaani mama amekuwa mtaa wa mtoto. Mji wote pamoja na vijiji vyake una watu kama elfu sita. Mbeya ukiondoa watu hao soko la Mwanjelwa halitatambua.

Treni ya abiria ya Löbau hadi Zittau, iliyokuwepo tangu 1848, ilisimama 1998. Unashuka Löbau unatafuta basi, na mabasi ya jumapili ni machache kuliko ya Matema.

Mnaosema twende Herrnhut, jueni pia kwamba katikati ya mji iliungua Mei 1945, vita ikiwa inaisha. Ukumbi wa kanisa mnaouona kwenye picha, mweupe ndani pote, ulijengwa upya, ukafunguliwa 1953, wakati wa serikali ya Ujerumani Mashariki. Makaburi ya Hutberg ndiyo ya zamani kweli: mawe yamelala chini, ukubwa mmoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Katikati tu ndipo ukoo wa Zinzendorf una mawe makubwa yaliyoinuliwa. Ukabaila haukuisha wote, nilimnong'oneza katibu wa kwaya, akanikanyaga mguu. Mwaka 2024 UNESCO wameiingiza Herrnhut kwenye urithi wa dunia.

Mjukuu_wa_Mwinjilisti (Tukuyu)

Ndaga fijo mwalimu. Mama amesoma yote, amesema barua irudi sandukuni isije ikachanika. Nani anaweza kutusomea?

Mwalimu_Kyimbila

Mama ana akili. Ila msiikunje tena, na msiibandike plastiki.

Mwandiko ule ni wa Kijerumani cha zamani, hata vijana wa Kijerumani wengi hausomeki kwao. Piga picha pande zote mbili, mchana, bila mwanga wa simu, bahasha pia kama ipo. Herrnhut kuna hifadhi ya nyaraka ya kanisa zima, na wanaofanya kazi humo wameuzoea. Andika kwa Kiingereza, taja Rungwe na tarehe iliyo juu ya barua. Tarehe ndiyo wataanza nayo. Kama inasomeka, iweke hapa tuione.