Mabepari wa Kenya walikuwa wapi mwaka 1982?

Wadau, kila tukigusa siasa za zamani lazima atokee mtu aseme Ujamaa ndio uliotuletea chama kimoja hapa Tanzania, na soko huria ndilo lililotukomboa. Haya, nielezeni Kenya. Wenzetu hawakuwa na Azimio la Arusha. Walikuwa na matajiri wao, mashamba ya watu binafsi na soko la hisa Nairobi. Bado mwaka 1982 Bunge lao likapachika kifungu cha 2A kwenye katiba: chama tawala KANU tu, basi. Mwaka 1988 wakapiga kura ya mlolongo, watu wamejipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, na kuna wa mstari mfupi aliyetangazwa mshindi!

Vyama vingi vilirudi kwao Desemba 1991, kwetu 1992. Wahisani walikuwa wamebana mkono. Na hapa kwetu zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni kwa Tume ya Nyalali, iliyoundwa kuuliza wananchi kuhusu mfumo wa vyama, walitaka chama kimoja kiendelee.

JIBU: Mkuu, umeruka shimo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, mali ya wakulima wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vilishamezwa tangu 1964 na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. Mkulima anauza kahawa kwa mamlaka ya zao, sukari anasubiri mgao wa RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, mwanawe kaajiriwa shirika la umma. Huyo ampinge nani, halafu jioni ale nini? Marehemu mzee wangu alikuwa karani, hata foleni ya sabuni aliilalamikia kwa kunong'ona. Kenya alikuwepo mwanasiasa Kenneth Matiba, mwenye mahoteli yake. Mwaka 1990 akasimama na mwanasiasa mwenzake Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani. Huku kwetu nani alikuwa na ubavu huo wa mfukoni?

MLETA MADA: La ushirika nakubali, lile lilikuwa kosa kubwa na lilirekebishwa kwa kuchelewa. Ila Matiba unanisaidia mimi. Utajiri ulimpa sauti, haukumpa kinga: aliwekwa kizuizini mwaka huohuo, akapata kiharusi humo humo, na biashara zake zikayumba.

Tena tusiongee ya kale tu. Leo kuna mtu ana kampuni yake, ila anaishi kwa zabuni za serikali na leseni ya kila mwaka. Anaweza kuchangia chama cha upinzani kwa jina lake? Wafanyabiashara mliomo humu, semeni nyie.